Paa Lililovuka Ziwa

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Fidélie alianika chisense kwenye mchanga wa Kashikishi. Chisense ni samaki wadogo, wembamba kama njiti za kiberiti, na harufu yao ni kubwa kuliko wao. Akimaliza kuwatandaza, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupokea heshima za mwanawe.

Mwanawe aliitwa Mubanga. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Fidélie alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Jambo hili linahitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni ya heshima kabisa. Fidélie alitoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mubanga alizaliwa hapa hapa, upande wa Zambia. Lakini wote wawili walikuwa wa ukoo mmoja, Bena Bowa, yaani watu wa Uyoga. Ukoo huo ulikaa pande zote mbili za Ziwa Mweru kabla serikali yoyote haijachora mpaka katikati ya maji. Wazee walihesabu vizazi kwa vidole. Wakarudia kuhesabu. Ikaonekana kwamba Fidélie yuko kwenye kizazi cha mama yake Mubanga. Basi, mzee wa mvi akapata mama anayesuka rasta.

“Mwashibukeni, mayo,” alisalimia Mubanga kwa Kibemba. Mayo ni mama. Alipinda magoti na kupiga makofi polepole, kama inavyotakiwa. “Mwanao hajala tangu jana.”

“Mutoto wa miaka makumi sita angali analilia mama?” alijibu Fidélie. “Leta sahani yako. Na unawe mikono, usiniletee haya mbele ya batu.”

Wanawake wote waliokuwa wakianika walicheka. Mubanga pia alicheka. Aliondoka na sahani imejaa.

Fidélie alikuwa na shida moja. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya soko, bila karatasi yoyote. Mwenye chumba alipandisha kodi kila alipogombana na mke wake, na waligombana sana. Mume wa Fidélie, Zéphyrin, alikuwa bado Kilwa, akitengeneza mashini za mitumbwi. Aliishi na binti yao Plamedie katika nyumba yao wenyewe. Mwaka ule, mara mbili, milio ya bunduki ilisikika vilimani nyuma ya Kilwa. Mara ya pili shule ilifungwa wiki tatu.

Zéphyrin alivuka kwa mtumbwi kuja kuzungumza.

“Mama Plamedie,” alisema, “tukae pamoja upande moja. Miye nimechoka kulala na viatu mu miguu.”

“Mu chumba hiki? Tutalala kwa zamu?”

Mubanga aliyasikia. Kesho yake alifika akiwa amevaa koti.

“Mayo, nina aibu,” alisema. “Mama yangu anapanga kwa watu, na mimi nina uwanja mzima nyuma ya nyumba yangu. Unanunua kwangu kidogo, unajenga, unakaa. Mama si mgeni kwa mwanawe.”

Fidélie alitazama chini ili machozi yasionekane. Bei ilisemwa kwa sauti ndogo. Bei yenyewe haikuwa ndogo.

Waliuza kiwanja chao cha Kilwa. Aliyekinunua alitaka udongo tu, hakutaka nyumba. Kwa hiyo Zéphyrin alipanda juu na kung'oa mabati ishirini na mawili, moja moja. Misumari aliinyoosha kwa nyundo na kuitia kwenye kopo. Paa lote likapakiwa kwenye mtumbwi. Plamedie alilikalia kutoka Kongo hadi Zambia, akiwa na kuku mapajani.

Siku ya kukabidhiana, watu walikutana sebuleni kwa Mubanga. Kiongozi wa kijiji alikuja na muhuri wake ndani ya mfuko wa plastiki. Fidélie alitoa pesa zote. Mubanga alizipokea kwa mikono miwili. Kiongozi alifungua daftari na kuanza kuandika: “Mimi Mubanga nimemuuzia...”

“Hapana!” alisema Mubanga. Alishtuka kwelikweli. “Mtoto anamuuzia mama yake? Watu wa Uyoga watatucheka mpaka Mununga.”

Kiongozi alisimamisha kalamu. Wazee walitikisa vichwa. Kweli, ilikuwa aibu. Nani aliwahi kuona mtoto akimwandikia mama yake bei?

“Andika vizuri,” alisema Fidélie mwenyewe. Ndiye aliyefurahi kuliko wote. “Andika ya kindugu.”

Basi ikaandikwa ya kindugu: “Mimi Mubanga nimempa mama yangu Fidélie mahali pa kukaa.” Bei haikuandikwa. Neno kununua halikuandikwa. Muhuri ukapigwa. Watu wakala ubwali, yaani ugali wa huku, na samaki, na vikongwe wakapiga vigelegele. Fidélie aliiweka barua ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi. Aliona hapo patakuwa salama.

Walianza kufyatua matofali. Jirani yao wa upande wa pili aliitwa Thandiwe. Alitoka Chipata, mbali sana mashariki. Kazi yake ilikuwa kuwashauri watu mambo ya sheria bila malipo. Kila Jumanne alikaa kwenye meza ndogo nje ya mahakama ya mji wa Nchelenge. Kiswahili alijifunza kwa wakimbizi wa kambi ya Mantapala. Kwa sababu hiyo alikijua vizuri zaidi upande wa malalamiko.

Siku moja alisimama kando ya shimo la udongo.

“Ba Fidélie,” alisema, na ‘ba’ huku ni neno la heshima, “mnajenga vizuri. Mmeshapita ofisi ya ardhi?”

“Ofisi ya ardhi iko ya bageni,” alisema Fidélie bila kuinua kichwa.

“Na wewe?”

“Miye niko Bena Bowa.”

“Ndiyo, lakini kitambulisho chako ni cha inchi gani?”

“Batu ba Uyoga hawaombani kitambulisho.”

“Sheria haijui uyoga,” alisema Thandiwe. “Njoo unione Jumanne. Kabla hujapandisha paa.”

Alipoondoka, Zéphyrin alicheka mpaka akaegemea koleo. “Sheria haijui uyoga! Mwanamuke wa Chipata anakuya kutufundisha ukoo wetu!”

Jumanne ilifika ikapita. Paa likapanda. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, ukuta ulionyooka, na mlango uliofungwa kwa ufunguo. Plamedie akaanza shule. Kwa misimu miwili ya mvua hakuna tone lililoingia ndani. Fidélie alikuwa akiamka usiku mvua ikinyesha ili aisikilize tu.

Msimu wa tatu, Mubanga alishikwa na homa akafariki.

Fidélie alimlilia kama mama anavyomlilia mtoto. Kwenye msiba alikalishwa kwenye mkeka wa mbele. Hakuna aliyeona ajabu. Na hakuwa akiigiza. Mzee yule alimwita mama kila siku kwa miaka mitatu, na hata mama mzazi wa Fidélie hakuwahi kumtembelea mara nyingi kama yeye.

Huku, mwanamume akifa, mara nyingi anayekalia nafasi yake ni mtoto wa dada yake. Mtoto huyo aliitwa Elliot, na alifanya kazi Kitwe. Kwenye mazishi alimpigia Fidélie magoti. Mwezi mmoja baadaye alirudi na mkanda wa kupimia.

Alipima uwanja. Alipima nyumba ya mjomba. Kisha alipima nyumba ya Fidélie, mbele na nyuma. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

“Madamu,” alisema Elliot.

Fidélie aligeuka kuangalia nyuma yake. Alidhani kuna mtu mwingine.

“Madamu, uwanja huu ni wa familia. Nataka kuupangisha. Utanipa nyumba mwisho wa mwezi.”

“Nyumba gani?”

“Hii.”

“Hii nilijenga miye, na uwanja niliununua ku mujomba wako! Ngoja nikuonyeshe.”

Alileta Biblia. Elliot aliisoma barua. Aliisoma tena kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayesoma insha mbaya. “‘Nimempa mama yangu mahali pa kukaa.’ Alikupa ukae. Umekaa. Asante kwa kumtunza mjomba.”

“Nililipa! Kiongozi wa kijiji alikuwako!”

“Imeandikwa wapi?”

Kwamba ilikuwa aibu kuandika bei, Fidélie mwenyewe ndiye aliyekubali.

“Na mabati?” aliuliza mwisho. “Mabati yalitoka Kilwa. Niliyanunua na baba Plamedie.”

“Basi yachukue,” alisema Elliot. “Mimi nitaweka mengine.”

Zéphyrin alirudi kutoka bandarini, akaambiwa. Alichukua nyundo, akapanda. Bati la kwanza likaanguka uani. La pili likaanguka. Majirani walitoka kutazama.

“Baba Plamedie, shuka!” aliita Fidélie.

“Ananiambia nichukue, nachukua!”

“Utayapeleka wapi? Kilwa hatuna tena hata pa kusimika nguzo!”

Nyundo ilisimama hewani. Zéphyrin alitazama ziwa. Kutoka pale juu lilionekana lote, jeupe na tupu. Kwa bahati mbaya mvua haingoji watu wamalize kufikiri. Ilianza hapo hapo, ikamkuta amekaa juu ya mbao, na ikaingia moja kwa moja juu ya kitanda alichokinunua Kashikishi. Alikaa tu. Maji yalimtiririka usoni, na majirani kwa adabu waliangalia kando.

Jumanne, Fidélie alikwenda Nchelenge. Alikaa kwenye benchi na watu saba mbele yake. Zamu yake ilipofika, alimkabidhi Thandiwe barua. Ilikuwa imelowa pembe moja.

“Unaweza kunicheka,” alisema. “Siye tulikucheka.”

“Sina muda wa kucheka, nina foleni,” alisema Thandiwe. Alisoma. “Ba Fidélie, nikwambie kitamu au nikwambie kweli?”

“Kitamu nilisha kukula miaka tatu.”

“Haya. Nyumba hii si yako. Na hata barua ingeandika ‘nimemuuzia’, bado isingekuwa yako.”

“Juu ya nini?”

“Kwa sababu uwanja ule ni ardhi ya kimila. Iko chini ya chifu, na watu wanaitumia kifamilia. Mubanga alikuwa na haki ya kuitumia. Kiongozi wa kijiji anaweza kushuhudia. Lakini hakuna kati yao anayeweza kumuuzia mutu wa inchi nyingine, kwa barua na muhuri wa mfukoni.”

“Lakini niko wa ukoo wao.”

“Kwenye msiba, ndiyo. Kwenye harusi, ndiyo. Ofisini wanauliza swali moja: wewe ni raia wa Zambia au si raia? Mimi natoka mbali kuliko wewe. Kutoka hapa hadi Chipata ni siku mbili za basi. Wewe Kilwa unafika kwa saa chache. Lakini mimi nina kitambulisho cha kijani cha raia. Wewe huna. Ukoo wako ni wa kweli kabisa, na haukusaidii hata kidogo.”

Fidélie alifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. “Kwa hiyo mugeni hapati nyumba kabisa mu inchi hii?”

“Anapata. Ila kwa njia yake. Wako wageni wanaoruhusiwa kumiliki: mwenye kibali cha kukaa daima, mwenye leseni ya kuwekeza, au aliyepewa ruhusa ya maandishi kutoka serikalini. Hao nao hununua kiwanja chenye hati. Mutu mwenye akili hatoi pesa kwanza. Anaenda ofisi ya ardhi kwanza, au anamtuma wakili, aulize: hati hii ni ya kweli? Jina la nani liko juu yake? Kuna deni? Anauliza, anajibiwa, ndipo anafungua mfuko.”

“Na ningeandikisha kwa jina la rafiki Muzambia?”

“Ungemnunulia rafiki nyumba. Angefurahi sana.”

Mwanamume aliyekuwa akisubiri nyuma alikohoa. Huenda alikuwa na rafiki.

“Na mutu kama miye? Muuza chisense?”

“Mutu kama wewe anapanga. Lakini anapanga kwa mkataba wa maandishi. Sheria inamruhusu mgeni kupanga mpaka miaka mitano. Unaandikwa muda, kodi, na nani anatengeneza paa likivuja. Mnatia sahihi wote, na mashahidi. Na kila ukilipa unapewa risiti, hata kama mwenye nyumba ni mwanao wa miaka sitini.” Thandiwe aliweka barua mezani. “Samahani. Najua mmemzika juzi.”

“Sema tu.”

“Karatasi yako ya kukaa inchini iko wapi?”

“Niko na ile ya kuvuka ziwa kufanya biashara.”

“Hiyo ni ya kuvuka. Tutaenda uhamiaji, uombe ya kukaa. Bila hiyo mkataba wako una mguu mmoja.”

Walikutana na Elliot mbele ya kiongozi wa kijiji, sebuleni mle mle. Thandiwe alikaa katikati. Kiongozi alitazama vidole vya miguu yake muda mrefu. Mwisho alisema kweli: pesa aliziona kwa macho. Kiasi alikikumbuka. Elliot alisema wafu hawaulizwi.

“Hatumuulizi mfu, tunakuuliza wewe,” alisema Thandiwe. “Matofali ni yao. Paa ni lao. Waende, ubaki na kuta tupu na kesi mahakamani? Au wakae kwa mkataba, na gharama ya kujenga ipunguzwe kwenye kodi?”

Walibishana tangu asubuhi mpaka ubwali wa mchana ukapoa. Pesa ya uwanja ilikuwa imekwenda, hilo hakuna aliyeweza kulirudisha. Lakini kwa kuta na mabati, Elliot alikubali kuchukua nusu ya kodi kwa miaka mitano. Aliona nusu ya kodi ni bora kuliko kesi. Fidélie aliona miaka mitano ni bora kuliko mvua.

Mkataba uliandikwa nakala tatu. Mwenye nyumba: Elliot. Mpangaji: Fidélie. Thandiwe alimsomea kila mstari. Fidélie alisikiliza hadi neno la mwisho, akachukua kalamu, akatia sahihi kwamba anapanga nyumba aliyoijenga. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni peke yake, mlango umefungwa, na hakupika chochote siku ile.

Zéphyrin alirudisha yale mabati mawili mahali pake. Karatasi ya kukaa ilichukua miezi minne na safari tisa, lakini ilitoka.

Mwaka uliofuata Elliot alikuja tena. Binamu yake alikuwa ametoka Mwansabombwe na alitaka nyumba. Fidélie alileta mkataba na risiti kumi na mbili. Hakupaza sauti. Elliot alisoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akamwambia binamu atafute kwingine.

Mwezi wa sita Priscille, dada mdogo wa Zéphyrin, alivuka kutoka Kilwa. Alikuwa na habari njema na hakuweza kuingoja hata ndoo ya maji ya kunawa.

“Yaya,” alisema, kama wanavyomwita dada mkubwa kule Kilwa, “nimepata parseli ya kujenga hapa Kashikishi! Mwenyewe iko mutu mzuri sana. Tunasali naye. Anasema kati ya bakristu hakuna haja ya makaratasi. Kesho naenda kuuza nyumba yangu ya Kilwa.”

Fidélie aliweka kikombe chini.

Priscille aliangalia kuta, dirisha, dari. “Na weye yaya uko na bahati. Mwenye nyumba yako alijenga muzuri.”

“Mwenye nyumba hakujenga,” alisema Fidélie. “Nilijenga miye.”

Priscille alicheka. Kisha akaona kwamba wifi yake hacheki. Fidélie akamweleza yote, tangu mwanzo, bila kujipamba. Ilichukua muda mrefu. Zéphyrin aliyekuwa uani na mashini yake aliacha kugonga.

“Lakini huyu wangu iko mutu wa Mungu,” alisema Priscille mwisho, kwa sauti ndogo.

“Wangu alikuwa mutoto wangu,” alisema Fidélie. “Na alikuwa mutu mzuri. Angalia nilipo. Nyumba ya Kilwa usiiuze. Jumanne tunaenda pamoja Nchelenge.”

Walikwenda. Mutu wa Mungu alialikwa pia, lakini aliposikia neno mkataba alikumbuka safari. Thandiwe alimtafutia Priscille vyumba viwili kwa mama mjane mwenye hati ya nyumba yake. Walikwenda kwanza kuihakiki hati ile. Ilikuwa ya kweli. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili.

Siku ya kuandika, Thandiwe alimuuliza Priscille maswali, na Priscille alimtazama Fidélie kabla ya kila jibu.

“Jina?”

“Priscille.”

“Kazi?”

“Muuza samaki.”

“Raia wa wapi?”

Priscille alisita. Jina la ukoo lilikuwa tayari mdomoni mwake.

“Sema,” alisema Fidélie. “Sema Kongo. Aandike kubwa.”